Nyuma ya Mgomba

Juzi huko kijijini Mugoma niliona watoto wakilenga mgomba kwa mishale, nikakumbuka baba alivyotufundisha mimi na kaka, alasiri moja iliyonuka moshi wa kambi jirani ya wakimbizi.

"Kabla hujavuta," alisema, "tazama kwanza nyuma ya mgomba."

Nilikuwa nimeshaanza kuvuta aliponishika mkono. Nyuma ya mgomba alikuwa ametokea mama mmoja mkimbizi, mtoto mgongoni, mkeka kichwani. Alipoona pinde zetu aliuacha mkeka uanguke, akainua mikono yote miwili.

"Wekeni chini," baba alisema polepole.

Nilidhani kwao ndivyo wanavyosalimia. Nikauweka upinde chini, nikainua mikono yangu pia, nikamwamkia, "Shikamoo."

Mikono yake ilibaki juu, hata baada ya baba kuikata kamba ya upinde mbele yake.