Jino la Juu

Mambo mengine hapa huenda nayakumbuka vibaya, lakini jino nililiona mwenyewe. Mtoto wetu alikuwa na miezi saba. Ijumaa asubuhi alipiga mwayo, na mle ndani, juu, mbele, kulikuwa na kitu cheupe. Ufizi wa chini ulikuwa mtupu.

Kwetu mtoto anaanza meno ya chini. Akianza ya juu, wazee wanasema analeta mikosi nyumbani, mpaka atengenezwe kwa dawa. Na mama mkwe alikuwa njiani kutoka Kasaji, anakuja kwetu Kolwezi. Alishasema tangu nikiwa na mimba: mjukuu akianza juu, atamchukua, akae kule mpaka ya chini yatoke. Mimi bado nilikuwa namnyonyesha.

Nisimwonee mama mkwe. Ni yeye aliyenifundisha kubandika uzi wenye mate kwenye paji la mtoto akishikwa na kwikwi, na kwikwi inaisha. Kweli, inaisha hata bila uzi, lakini kwa uzi unangoja ukiwa na kazi ya kufanya.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini, mgodini Kingamyambo, nilimwonyesha. Alimulika mle mdomoni kwa simu kama anatafuta madini.

"Ni maziwa imeganda," akasema. Akatia kidole. Akang'atwa. "Basi, hapana maziwa. Sikia, mama ya mutoto. Asicheke tu. Mpaka mama arudie Kasaji, hakuna kumuchekesha."

Shida ni kwamba mtoto wetu alicheka na kila kitu: kikombe, kuku, kikohozi cha baba yake. Jumamosi mama mkwe alipoingia, mume wangu alikaa na uso wa mtu aliyefiwa. Mtoto akamtazama, tumbo likaanza kutikisika kwa kicheko. Nikamtia titi. Kila alipofungua mdomo nikamtia titi, mpaka maziwa yakamtoka puani.

"Bwana yangu anakula muzuri," akasema mama mkwe, maana kwetu mjukuu wa kiume huitwa mume wa bibi yake. "Na ule mukubwa, mbona amenuna?"

"Ni kazi, mama."

"Kazi gani, na leo samedi? Leteni beseni, nimuoshe mi mwenyewe."

Nikaleta beseni. Akamwosha, akampaka mafuta, akamnyoosha mikono. Kisha, kama wanavyofanya mama zetu ili viungo vikomae, akamshika miguu akamning'iniza kichwa chini. Mtoto akafurahi mno. Akacheka mdomo wazi, mbele ya macho ya bibi yake.

Mume wangu akageukia ukuta. Mimi nikaanza kuwaza nguo za kufunga kwa safari ya Kasaji.

Mama mkwe, bado amemning'iniza, akamchungulia mdomoni.

"Iko na jino," akasema. "Ya chini. Njooni muone."

Tukaenda. Mume wangu alipinda shingo mpaka sikio likagusa bega.

"Ndiyo, mama. Iko chini kabisa."

Nami nikakubali, maana kwa vile mtoto alivyoshikwa, lilikuwa chini. Kusema haki, sijui kama mama mkwe alikosea kweli. Biblia anaisoma bila miwani.

Jumatatu aliondoka peke yake. Mlangoni alimfunika mjukuu kwa kitenge mpaka puani, akaniambia baridi ya Kolwezi ni mbaya kwa jino moja, nisimfunulie watu mdomo wake mpaka meno yawe mawili.