Kireno cha Kupokea Posa

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini Kireno nakijua, na sitanii. Kilinijia uzeeni hapa Kapsoya, kwa sababu mjukuu wangu alipendana na kijana wa Msumbiji aliyekuja kufanya mazoezi ya mbio. Mama ya kijana alikuwa na mwana huyo mmoja tu na hakutaka aoe mbali. Akasema atakuja mwenyewe kutuona, ndipo aseme ndio ama la. Sasa, mama huyo anaongea Kireno na lugha ya kwao, basi. Wa kututafsiria angekuwa kijana, na kwetu anayeposa hafungui mdomo siku ya posa. Msichana naye hufichwa jikoni. Akabaki nani? Mimi.

Mjukuu akaleta kitabu cha kufundisha Waingereza. Hao wanahangaishwa bure. Ukisema "tenho" ushasema "nina", huna haja ya kujitaja tena. "Temos" ni "tuna". Kukataa unatanguliza "não", imekwisha. Kitu kimoja tu nilibisha: eti meza ni ya kike. Nikauliza nani aliikagua.

"Guka, wewe shika tu," mjukuu akaniambia.

Nikashika, huku napalilia viazi. Viazi vya Timboroa ni bora kuliko vyangu, nakubali, lakini huko wana baridi ya kuwasaidia.

Siku ikafika. Wageni wakakaa, nami nikasimama na fimbo yangu. Kwetu posa haijibiwi moja kwa moja. Mwenye nyumba hukana kwanza kwamba ana msichana, mgeni abembeleze, watu wacheke, ndio twende mbele. Nikakana kwa sauti, kila neno mahali pake:

"Não temos filha." Hatuna binti.

Sikuwa nimewaza kwamba kwao hawakani hivyo. Mama akaniangalia, akaokota mkoba wake, akasimama. Kijana akataka kusema kitu, ndugu yangu akamnyamazisha kwa jicho. Jikoni sufuria ikaanguka. Niliona harusi inatoka mlangoni, na ni mimi nimeifungulia.

Mwingine angeanza kuomba msamaha kwa mikono. Mimi nilikuwa na sentensi. Nikaenda nikausukuma mlango wa jikoni, mila inisamehe, na mjukuu akaonekana wazi, ameshika birika. Nikamwelekezea fimbo, nikicheka.

"Não temos filha," nikarudia polepole. "Temos chá." Tuna chai.

Mama akamtazama msichana, akatazama birika, akanitazama mimi. Akaketi. Kisha akaweka mkono juu ya goti la mwanawe, ambaye jasho lilikuwa linamtoka, akasema kwa uso mkavu:

"Não tenho filho."

Hana mwana. Akanyoosha mkono apewe kikombe.

Ndugu yangu akaninong'oneza, huyu mama anasema nini. Nikamwambia anyamaze, tunaongea.