Dole Gumba la Kushoto

Nimeshalala juu ya lori lililokatika ekseli porini, fisi wakizunguka chini wananusa magunia, na asubuhi nikashuka nikapiga mswaki. Mimi si mwoga. Nalisema hili mapema ili nikisema kwamba karatasi moja ilininyima usingizi miezi miwili, ujue haikuwa karatasi ya kuchezea.

Shule niliiacha darasa la pili. Kuandika najua, haya naandika kwa mkono wangu, ila naandika polepole, na nikisoma midomo inacheza. Kwa hiyo mbele za watu sisomi wala siandiki. Naweka dole. Pale soko la Majengo nilipoanza kubeba magunia ya wenzangu, na baadaye nikauza mtama na alizeti zangu mwenyewe, kila karatasi niliyoletewa niliibandika dole gumba upesi, kama mtu anayewahi jambo kubwa zaidi. Watu walidhani ni dharau. Nikawaacha wadhani. Mke wangu alikwenda kisomo cha watu wazima, daftari kalifunga kwenye kanga, nami nilimcheka kwamba anataka kuwa katibu tarafa.

Nyumba tuliijenga wakati mtaa wetu ulikuwa miiba na makorongo. Tofali tulifyatua sisi. Mimi nilikanyaga udongo, yeye akabeba maji kwa ndoo kutoka bomba la mbali, na mimba ya mtoto wetu wa tatu ikiwa mbele. Hakuna tofali katika nyumba ile ambalo halikunywa maji ya kichwa chake. Kisha serikali ikahamia Dodoma, wakaja wafanyakazi wa kila mkoa wanatafuta pa kulala, na vumbi letu likapata bei.

Tamaa ilinijia kwa njia ya zabibu. Mtu mmoja wa Makutupora alikuwa anauza shamba lenye mizabibu inayozaa, na mimi nikaona nizeekee huko, niwe na kitu cha kuonyesha watu. Kwa mke wangu sikusema neno. Nilijua atakachosema, na mimi sikuwa nimezoea kuambiwa.

Dalali alikuja amevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, katika vumbi lile, na havikuwa na doa. Mtu wa namna hiyo nilipaswa kumwogopa siku ileile. Akaleta mnunuzi, mfanyakazi wa ofisi, kijana mwenye heshima, aliyekuwa amebanana na mkewe na watoto watatu katika vyumba viwili vya kupanga. Bei tukakubaliana milioni hamsini, kianzio milioni kumi. Kwenye ofisi ya serikali ya mtaa hatukwenda. Dalali alisema mwenyekiti atataka asilimia yake, kwa nini tumlishe mtu aliyekaa? Tukaandikishana kwenye kibanda chake cha bati.

Siku hiyo mke wangu alikuwa Buigiri kwenye matanga ya shemeji yake. Mnunuzi alikuwa amesaini asubuhi, akaacha kianzio kwa dalali, akarudi kazini. Sharti lake lilikuwa moja: mke wa muuzaji aridhie kwa mkono wake. Nilipomaliza kuweka dole langu la kulia, dalali akagonga karatasi kwa kalamu.

"Mzee wangu, hapa ni pa mama."

"Mama yuko matangani."

"Anarudi lini?"

"Wiki ijayo."

"Mh! Wiki ijayo yule bwana ameshaonyeshwa nyumba tano." Akanisogezea tena kidau cha wino. "La kulia si umeshaweka kwako? Hapa weka la kushoto. Mume na mke ni mwili mmoja, au kanisani huwa unasinzia?"

Nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilicheka. Nikaweka la kushoto.

Akahesabu hela. Alianza na zake, milioni tano, asilimia kumi ya nyumba nzima.

"Wewe, nyumba haijalipwa, unachukua udalali wote?"

"Mzee, mimi nalipwa kwa kuleta mtu. Mtu si huyo nimemleta?"

Tano zilizobaki nilizifunga kwenye mfuko wa sukari, na kabla mke wangu hajarudi nilikuwa nimezikabidhi kwa mwenye mizabibu.

Sasa sikia. Wiki mbili baadaye mke wangu yuko uani anapeta uwele, mimi nimekaa mlangoni. Yule mnunuzi akaingia na fundi wake, wameshika futi kamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Mnapima nini?"

"Tunaangalia pa kuongeza chumba cha watoto, mama. Tukishahamia tusisumbuke."

"Mkishahamia wapi?"

Ungo ukasimama. Yule kijana akanitazama. Fundi naye akanitazama. Mimi nikatazama kuku.

"Nyumba hii haiuzwi, mwanangu," mke wangu akasema, bila kupaza sauti. "Labda mmeelekezwa vibaya." Akaendelea kupeta.

Nilimtoa yule kijana nje ya lango. Akaniuliza kwa kunong'ona, "Mzee, mama si aliridhia? Dole lake liko kwenye karatasi."

"Lipo," nikasema. Uongo wa neno moja.

"Basi kabadilika. Mimi sinunui ugomvi wa watu, mzee. Naomba hela yangu yote kumi, tuachane kwa amani."

Nikaenda kwa dalali kumwambia biashara imekufa, arudishe tano zake. Hakuinuka hata kwenye kiti.

"Mtu nilileta. Nyinyi mkishindana nyumbani kwenu, udalali wangu unaingiaje?"

"Nitakupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa!"

"Nenda, baba. Nenda na mimi niende." Akainama, akapangusa kiatu kwa kidole. "Nikaseme dole la mama ni la nani. Siku hizi alama za vidole zinasomwa kwa mashine. Kughushi ni jela, mzee wangu. Kwa umri wako utatoka kweli?"

Niliondoka pale nahesabu hofu zangu. Ya kwanza jela. Ya pili nyumba, kwa maana hela ya kurudisha sikuwa nayo, na mtu akidai kumi na huna, atashika nini kama si nyumba? Na ya tatu ilikuwa kubwa kuliko zote: ili niokoke, mke wangu itabidi aulizwe kama dole ni lake. Akisema ndiyo, nyumba imeuzwa. Akisema siyo, mimi ni mwizi wa mkono wa mke wangu.

Nilijifungia stoo, nikakaa juu ya gunia la alizeti, nikaifungua nakala yangu ya ile karatasi kwenye mwanga wa tundu la bati. Ndiyo mara ya kwanza naisoma. Midomo ikacheza, neno moja, neno jingine. Nikafika mahali palipoandikwa, "Mke wa muuzaji ameridhia na ameweka dole gumba." Chini yake kulikuwa na mistari mingine. Sikuiweza. Nikaikunja mara nne nikaichimbia kwenye alizeti.

Tangu siku hiyo kila pikipiki iliyopunguza mwendo karibu na lango ilinipeleka dirishani. Mbwa akibweka, nachungulia. Ugali na mlenda nilivyozoea kuvimaliza kwa pumzi moja, vikawa vinapoa mbele yangu. Mchana mmoja nikaenda nyuma ya choo na jivu na jiwe la kusugulia miguu, nikalisugua dole la kushoto. Nilitaka mistari itoke. Nikasugua mpaka damu. Nilipotulia nikaona mistari bado ipo, imekaa kwenye damu kama matuta ya shamba baada ya mvua.

"Kidole kimefanyaje?" mke wangu akauliza.

"Mlango umenibana."

Akaniletea kitambaa. Hakuuliza mlango upi.

Barua ya mtaa ikaja. Mnunuzi amelalamika, tunaitwa wote wanne. Tukaenda kwa miguu, mimi mbele, mke wangu nyuma. Njia nzima nilikuwa napanga kumwambia. Nikageuka mara moja, nikasema, "Jua kali leo." Akasema, "Kali kweli." Hayo tu. Mtu aliyewahi kubishana na matrafiki wa barabara nzima mpaka Singida, akashindwa kumwambia mke wake sentensi moja.

Mwenyekiti wa mtaa ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alitupanga kwenye benchi, akaipokea nakala ya mnunuzi, akaangalia wapi muhuri wake ulipo. Haukuwepo.

"Wakati wa kuandikishana mlinikwepa," akasema. "Wakati wa kugombana mmenikumbuka. Mbona sasa hamwendi kibandani?"

Dalali akacheka peke yake. Mnunuzi akaeleza dai lake, kumi zake zote. Mimi nikasema nilipata tano. Dalali akasema udalali haurudi, na karatasi ni halali, kila mtu kaweka mkono. Aliposema mkono alinitazama.

Mwenyekiti akasoma kwa sauti, neno kwa neno, na mimi nikausikia mstari nilioshindwa kuufikia: "Mke wa muuzaji ameridhia na ameweka dole gumba mbele yangu mimi shahidi." Akainua macho. "Shahidi hapa ni nani? Sahihi hii ya nani?"

"Yangu," dalali akasema.

"Ulimwona mama akiweka dole?"

Dalali akainamia viatu vyake. Nadhani hapo ndipo alipoona shimo, lakini mguu ulishatangulia. "Nilimwona," akasema.

"Mama, dole hili ni lako?"

Mimi nilikuwa natazama sakafu, nikaona miguu ya mke wangu imesimama, ikaenda hadi mezani. Nikajua kwamba sasa nimekwisha. Masikio yangu yakawa yanavuma kama mashine ya kukamua alizeti. Nilimsikia akiomba kalamu. Akaomba na karatasi tupu.

Akaandika. Jina lake lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, kwa herufi za kuungana, bila kuinua mkono. Akamsogezea mwenyekiti.

"Mimi siweki dole," akasema. "Naandika. Tangu kisomo sijaweka dole mahali popote."

Dalali akaruka. "Basi mzee ndiye aliye..."

"Wewe umesema ulimwona mama," mwenyekiti akamkata. "Hatujamaliza dakika mbili. Ulimwona mama yupi? Nimwite polisi umwelezee yeye?"

Viatu vyeupe vikarudi chini ya benchi.

"Na dole hili ni la nani, mama?" mwenyekiti akauliza, taratibu sasa.

Nilifumba macho. Nilimfikiria Mungu, na gereza, na wajukuu wakija kunitazama na ndizi kwenye mfuko.

"Hilo," mke wangu akasema, "tutaongea nyumbani."

Mwenyekiti alimtazama yeye, kisha mimi, kisha kitambaa kilichokuwa bado kwenye kidole changu. Akafunga daftari. Akaamua karatasi ni bure, dalali arudishe tano zake na mimi tano zangu, na atakayechelewa akajieleze polisi. Dalali alirudisha kwa mafungu mawili, akinung'unika kwamba wazee wa siku hizi hawana uaminifu. Mwenye mizabibu alinirudishia nne, moja akaishika kwa usumbufu, nami sikuwa na mdomo wa kumdai. Pengo nililiziba kwa kuuza alizeti zote stoo, kwa bei ya kutupa. Siku ya kumaliza, mnunuzi alikuja nyumbani kuchukua. Alimpa mke wangu shikamoo. Mimi hakuniamkia; alizihesabu noti mbele ya macho yangu, akatoka.

Nyumba ipo. Hati yake mke wangu ameihamishia kwenye sanduku lake, ufunguo uko kwenye pindo la kanga. Sijauomba.

Na hayo mazungumzo ya nyumbani hayajafanyika. Siku ya kwanza nilikaa sebuleni nikayangoja mpaka taa zikazimwa. Siku ya pili vilevile. Sasa ni mavuno ya pili, na kila akisafisha koo nageuka nikidhani yameanza. Angenifokea ningejua pa kusimama.

Jioni akitenga chakula hunimiminia maji ya kunawa. Natoa mkono wa kulia, wa kushoto nauacha mapajani. Birika halisogei.

"Na huo," anasema.

Nautoa.