Nilificha Jina Lake, Mji Mzima Ukamjua

Admin, kabla hujaposti naomba usome mara mbili na ufute chochote kitakachomtambulisha mtu. Mimi sikusoma mara mbili, ndiyo maana leo nawaandikia.

Ndugu zangu, ni mwanamke wa miaka 34, mama wa watoto wawili, naishi Msalato. Nimeajiriwa na shirika moja hapa Dodoma linalofuatilia waandishi wa habari wanaonyanyaswa: aliyekamatwa, aliyenyang'anywa simu, aliyefungiwa ukurasa wake. Kazi yangu ni kuwasikiliza, kujaza fomu na kuandika ripoti. Nilikuwa najiona mtu wa maana sana.

Mwaka jana nilipata kesi ya binti wa miaka 26, nimwite Neema, mtangazaji wa redio ya jamii kwenye mji mdogo wa milimani. Safari hii mji siutaji, na mengine nimeyageuza. Alirusha kipindi kuhusu mradi wa maji uliokwama. Kesho yake wanaume wawili walimfuata studio, wakamlazimisha kufungua simu, wakawa wanasoma meseji zake kwa sauti mbele ya meneja wake. Mojawapo ilitoka kliniki, ikimkumbusha kuchukua dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Wakacheka. Neema alikuwa hajamwambia mtu yeyote, hata mama yake.

Alinisimulia akilia. "Dada, andika yote, watu wajue wanavyotufanyia. Ila mimi nisijulikane. Mama akisikia atakufa."

Nikamwambia, "Mdogo wangu, hiyo ndiyo kazi yetu. We lala usingizi."

Jina kweli nililificha. Lakini niliandika mtangazaji wa kike, umri wake, redio ya jamii, na mji nikautaja. Redio ile ina watangazaji wawili tu, na mwenzake ni mwanamume! Meseji ya kliniki nayo niliiweka neno kwa neno, kwa sababu niliona bila hiyo kesi itakuwa kavu. Bosi aliposoma alisema, "Hapa umeandika!" Nilifurahi, sitawadanganya. Siku ya uzinduzi hotelini ukurasa ule niliusoma mwenyewe, nimevaa kitenge kipya, nikapigiwa makofi.

Wiki haikuisha, meneja wa redio akanipigia. "Dada, ripoti yenu ipo kwenye magrupu yote huku. Siri hii mimi nimekaa nayo miezi yote, hata mke wangu sijamwambia. Nyie mmeitangaza."

Mchumba wa Neema amemwacha kwa meseji ya mstari mmoja. Mama yake anauza maandazi stendi. Siku hizi beseni linarudi nyumbani kama lilivyoondoka, na mama mwenyewe amemtengea binti yake sahani na kikombe. Watu wanatumiana ile ripoti wao kwa wao, Neema hajaonyeshwa. Yeye anaamini aliyemtangaza ni meneja, maana wale wanaume wawili si watu wa mji ule, na mwingine aliyesikia ni yeye tu. Amemtukana mbele za watu na kazi ameacha. Meneja nilimwomba asiseme, nitasema mwenyewe. Akakubali, masikini.

Nilipomweleza bosi, hata karanga hakuacha kutafuna. "Jina tulificha, utaratibu tulifuata. Halafu hiyo si kesi mpya? Anabaguliwa kwa sababu ya kazi yake. Fungua fomu."

Nikamuuliza, aliyevujisha niandike nani?

"Mwenyewe anamtaja nani?"

"Meneja."

"Basi. Sisi ni nani tumbishie mwathirika?"

Jina la meneja nimeshaliandika, ndugu zangu. Kwa mkono wangu huu. Najiambia ni rasimu tu, lakini najijua nilivyo mwoga. Nikisema ukweli nafukuzwa kazi, na wanangu wananitegemea mimi peke yangu.

Jana Neema kanipigia. Kaniamkia vizuri tu, nami nikaitikia marahaba bila aibu. "Dada, njoo Jumamosi na fomu nisaini. Wala sina haja ya kusoma, wewe nakuamini. Nimemwambia mama kuna mtu mmoja tu duniani aliyenitunzia siri yangu. Anataka akuone akushukuru."

Nitukaneni, nimestahili. Ila kabla ya Jumamosi nishaurini: nimpe asaini, au nimwambie mbele ya mama yake kwamba ni mimi?