Mwenzangu wa Kuchambua Dagaa

Jumatatu ya kwanza ya Agosti alifika ofisini kwetu Jinja mkaguzi kutoka Nairobi. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wamemtuma apime kama msaada wao kwa utafiti wetu wa uzazi unatumika ipasavyo. Mimi ni mhojaji wa siku nyingi. Shule nilianza nikiwa tayari mjane, na kazi hii niliipata kwa cheti, si kwa kuhurumiwa.

Kesho yake tulimpeleka kijiji cha Wanyange. Tulikwenda wanawake wawili, kama ilivyo desturi yetu. Mimi nilikaa nyuma ya jiko na mke wa nyumba, nikimuuliza habari za mimba zake. Mwenzangu alibaki uani na mama mkwe, akimsaidia kuchambua dagaa na kusikiliza malalamiko ya magoti yake. Tuliporudi garini, mkaguzi alisema:

"Mama, mmoja anauliza, wa pili anachambua dagaa. Wafadhili walipie dagaa?"

"Yule ndiye anayetushikia mlango, bwana."

"Mlango gani? Sikuona mtu aliyetaka kuingia."

"Kwa sababu umeshikwa."

Alicheka, lakini hakushawishika. Alisema waziwazi kwamba atapendekeza kila nyumba iendewe na mhojaji mmoja tu. Mwenzangu, aliyeketi nyuma yetu, aliyasikia yote. Hakuwa na ajira nyingine ya kutegemea.

Alhamisi tulikuwa Mbale, na kwa kuwa nyumba yangu iko Wanale, mlimani juu ya mji huo, niliwakaribisha chakula cha mchana. Binti yangu wa mwisho alitupakulia malewa, yale machipukizi ya mianzi tunayoyapika kwa karanga. Mkaguzi alikula, akasifu, kisha akauliza kwa uchangamfu:

"Na wewe mama, ukihojiwa, utasema umezaa wangapi?"

Binti alikuwa amesimama kando yangu na bakuli mkononi.

"Saba," nilijibu.

Mwenzangu aliinua macho, akayarudisha kwenye sahani.

"Na mimi ndiye niliyemsumbua kuliko wote," binti alisema, akaenda kuchota maji.

Alipotoka, niliteremsha sauti. "Bwana, nimezaa wanne. Watatu, na huyu akiwemo, ni wa mke mwenzangu. Alifariki huyu akiwa bado ananyonya. Mwenyewe binti anajua. Lakini halijatamkwa mbele yake katika nyumba hii, wala halitatamkwa kwa ajili ya wageni."

"Lakini wewe ndiye unayewafundisha wahojaji wapya kwamba anahesabiwa aliyetoka tumboni mwa mama mwenyewe."

"Ndiye mimi. Na ukiniuliza tena mbele yake, nitasema saba tena."

Hatua za binti zilisikika zikirudi. Kabla sijasema neno, mwenzangu aliinuka, akampokea jagi mlangoni.

"Njoo kwanza, mwanangu, unionyeshe karanga hizi umezisagaje. Zangu hutoka kama mchanga."

"Shangazi, wewe huzikaangi vizuri!"

Wakaenda jikoni wakibishana. Mkaguzi aliutazama mlango ule kwa muda, kisha akasogeza kiti chake karibu.

"Haya, mama," alisema taratibu. "Wanne. Wa kwanza ulimzaa lini?"

Nilimtajia siku, mwezi na mwaka.

Tungali tunakwenda wawili wawili. Jana tulikuwa mtaa wa Namatala, na mwenzangu alirudi garini mikono yake ikinuka vitunguu.