Kinanda Chini ya Maombi

Nimepiga kinanda cha roki miaka mingi, na mashabiki wangu wote wanatoshea kwenye kochi moja. Ni roki ile ya progresivu: wimbo mmoja unaweza kuivisha maharagwe, na mdundo hubadilika pale tu unapoanza kuuzoea. Kilichonilisha ni kupigia kanisa moja nyuma ya maduka ya Adams Arcade. Nililipenda kwa sababu liko karibu na nyumbani, na mimi kutoka nyumbani ni kazi.

Jumapili moja bendi yetu ikapata nafasi katikati ya jiji, kwenye ukumbi wa kweli, saa nane mchana. Wimbo wangu mrefu ungesikika mara ya kwanza mbele ya watu wasio jamaa zetu. Kinanda nilikuwa nacho kimoja tu, na asubuhi hiyo kilikuwa kanisani, nami nyuma yake.

Desturi ya makanisa yetu ni hii: pasta akiomba, kinanda hulia polepole chini ya maneno yake. Kikinyamaza, watu hufumbua macho kuangalia nani amezimia. Basi, saa saba ikiwa imepita, pasta akaanza maombi ya kufunga ibada. Akaombea wagonjwa, watahiniwa, msongamano wa Barabara ya Ngong. Simu ikatetemeka mfukoni. Nilijua ni mpiga ngoma wetu. Nikapiga zile noti za kumalizia, zinazomwambia pasta kwa heshima kwamba tumefika. Akazipita. Nikazirudia. Akaingia kwa wajane.

Kwa kukata tamaa nikaanza wimbo wangu, mapigo saba badala ya manne, ili ajikwae anyamaze. Mama mmoja wa mstari wa mbele akapaza sauti, "Haleluya!" Pasta akafumbua jicho moja.

"Hapo hapo, ndugu! Usitoe mkono! Kuna kitu kinashuka!"

Akaanza upya, kuanzia wagonjwa. Watu wakapiga makofi, kila mmoja na hesabu yake. Nikaupiga wimbo wote, hata ile sehemu ambayo mke wangu huiita "pale maji yanapokatika." Kila nilipotafuta mlango wa kutokea, pasta alinirudisha kwa kiganja.

Alipomaliza, saa tisa imeshapita, nikampigia mpiga ngoma nikiwa nimekumbatia kinanda mlangoni.

"Tulishamaliza, buda."

"Mlipiga nini?"

"Wimbo wako, nini kingine? Yule wa gitaa aliimba sehemu zako na mdomo: piripiri, piripiri."

"Na watu?"

"Walicheka mpaka wakaitisha tena. Wakauliza mwenye wimbo yuko wapi. Tukasema uko kwa maombi. Msichana mmoja akadhani unaugua, akasema tukupe pole zake."

Kabla sijajibu, pasta akanishika bega.

"Ndugu, hicho kinanda usikitoe. Ile ya leo tunaitaka ibada ya jioni. Na Jumapili ijayo."

Miaka yote nilikuwa nikitafuta mtu wa kuuomba wimbo ule mara ya pili. Nikakirudisha kinanda ndani.