Supavaisa Aliyetumiminia Kali Machinjioni

Siku yangu ya kwanza machinjioni Kitengela, kabla sijaonyeshwa hata pa kusimama, supavaisa wetu Mutua alinimiminia glasi ya pombe kali. Ng'ombe wa kwanza alikuwa bado hajaangushwa.

"Kunywa, baridi isikushike mkono. Hii inafungua mishipa."

Kazi yetu wachunaji ilikuwa kutoa ngozi bila kuitoboa, maana ngozi ikitoboka bei inaanguka. Tulikunywa ili mkono utulie. Kesho yake mkono unatetemeka kwa kukosa, tunakunywa tena. Mutua alijua. Aliyekataa alipelekwa kuosha matumbo.

Baadaye nikatumwa soko la mifugo Kajiado, chini ya mnunuzi mkuu, Lemayian. Kwake bei haikukubaliwa mpaka bia zifunguliwe. "Mtu hanywi, ng'ombe wake ni wagonjwa," alikuwa akisema, na watu wanacheka. Mimi pia nilicheka.

Halafu moyo ukaanza kurukaruka kama mbuzi amefungwa kamba. Miguu ikafura. Nikitembea kidogo, pumzi imeisha. Hospitalini daktari akanipima presha, akanipiga picha ya moyo.

"Pombe imekupandishia presha miaka hii yote," akasema. "Tena imelegeza msuli wa moyo. Umepanuka, hausukumi damu vizuri."

Nimepasua ng'ombe wengi. Moyo mlegevu hivyo, mkaguzi wa nyama anautupa shimoni. Wangu ndio huo ninao.

Nikalazwa, wakanisaidia kuacha. Niliporudi kazini machinjioni nikachagua matumbo mwenyewe, nikaosha mpaka mwili ukakataa.

Siku ya kuniaga walichinja mbuzi. Mutua akaja na glasi.

"Mzee, moja tu. Kidogo ni dawa ya moyo."

"Dawa gani? Wambua, mchunaji mwenzetu, ulimpa hiyo dawa mpaka mshipa ukapasuka kichwani. Leo analishwa kwa kijiko."

"Wacha kutuharibia sherehe."

"Nimekuja kuiharibu."

Nikawaambia wachunaji yote, Mutua akiwa amesimama hapo na glasi yake, na Lemayian akiangalia viatu. Wengine walikunywa bado. Wawili waliweka glasi chini.

Sasa niko nyumbani Noonkopir, nameza dawa za presha, na moyo hautarudi ulivyokuwa. Watu wanasema niko na uchungu. Niko nao. Mutua bado anamimina kila asubuhi, na mimi bado niko hai, kwa hivyo nitamtaja.